Hicho kikohozi si cha vumbi, shemeji!

Natumaini kila mmoja bado anavuta pumzi zake bila kulipia kodi. Basi leo nataka tuongelee hizo hizo pumzi.

Sisi Waswahili bwana, kwa kukipa kikohozi majina hatujambo. Kuna kikohozi cha vumbi, kuna cha feni, cha maji ya baridi, cha sigara, cha kubadilika hali ya hewa, na kuna kile cha "mimi kifua changu ndivyo kilivyo tangu utotoni". Panda daladala ya Gongo la Mboto jioni, mvua inanyesha na madirisha yamefungwa, utavisikia vyote vikipokezana kama kwaya. Kila mwenye kikohozi chake ana jina lake na ana dawa yake mfukoni. Jina moja tu ndilo halitajwi humo ndani. Nalo ni kifua kikuu, TB.

Mie nalitaja kwa sababu limeingia nyumbani kwetu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi seremala kule Keko. Mnapajua Keko, vitanda na makabati yamepangwa barabarani, na vumbi la mbao linaruka kutwa nzima. Sasa mtu wa kazi hiyo akikohoa nani atashangaa? Alianza kukohoa baada ya sikukuu ya Idi. Ukimwuliza anakujibu, "Vumbi la mninga hilo shemeji, likichanganyika na msasa ndiyo hivyo." Na sisi wote tunacheka, maisha yanaendelea.

Mwezi wa kwanza alikunywa dawa ya maji ya kifua, chupa tatu. Mwezi wa pili kijana wa duka la dawa akampa vidonge vya rangi mbili, akamaliza dozi, kikohozi kipo palepale. Akarudi, akapewa sipro. Hapo jamani akapata nafuu! Siku nne tano mtu analala vizuri, anakula, anaimba bafuni. Dada akashukuru Mungu. Wiki mbili baadaye kikohozi kikarudi na wenzake: homa, uchovu na kifua kuchoma. Zahanati moja ya mtaani wakamwambia ni nimonia, wakamchoma sindano siku tano. Hakuna aliyemwambia atoe makohozi yakapimwe. Hata mmoja.

Hiyo nafuu ya sipro nataka tuiongelee kidogo, maana imewaponza wengi. Sipro na ndugu zake wa aina ile ni dawa kali za bakteria, na mdudu wa TB naye ni bakteria. Ukizimeza kiholela zinampiga kibao, anatulia kidogo, lakini hafi. Wewe unadhani umepona, kumbe amekaa kimya tu anapumua. Kinachofuata ni kwamba ugonjwa unachelewa kugundulika, na wadudu wenyewe wanaanza kuzizoea hizo dawa, dawa ambazo huwa zinawekwa akiba kwa ajili ya TB sugu. Yaani umelipa hela yako mwenyewe kumfundisha adui mbinu zako.

Sasa sikilizeni kilichomshtua dada. Hakushtushwa na kikohozi, alishakizoea kama sauti ya redio ya jirani. Kilichomshtua ni mkanda. Siku moja anafua, anauchomoa mkanda kwenye suruali ya mumewe, anaona una matundu mawili mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Mwanamume anayepungua hasemi amepungua, anatoboa mkanda. Dada akaanza kuunganisha mambo. Mashuka ya upande wa mumewe asubuhi yanakuwa yameloa kana kwamba kamwagiwa maji, na wao walikuwa wanalaumu joto la Dar. Ikifika jioni anatetemeka kidogo, anajifunika kanga, na wao wanasema malaria, anapima malaria, hana. Ugali anaula nusu, anasema kashiba.

Dada akanipigia simu usiku uleule. Kesho yake nikaenda. Nilimkuta shemeji amekaa kibarazani na fulana, mifupa ya mabega inaonekana. Nikamwambia, "Shemeji, hicho kikohozi si cha vumbi. Vumbi halitoboi mkanda." Akanyamaza. Halafu akasema kitu ambacho nadhani wengi wanakisema moyoni na hawakitoi mdomoni: "Shemeji, mimi najua kinachosemwa huko mtaani. Ukienda kupima TB wanakupima na ukimwi. Bora nisijue."

Kumbe! Miezi mitatu yote ile vumbi lilikuwa kisingizio. Mtu alikuwa anaogopa.

Nami wasomaji wangu sitamcheka, maana hofu hiyo ina mizizi. Ni kweli TB na virusi vya ukimwi ni marafiki wabaya, kimoja kinamfungulia mlango mwenzake, ndiyo maana hospitali wanapima vyote viwili. Lakini si kila mwenye TB ana virusi. TB ni ugonjwa wa hewa. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiimba au hata akiongea, wadudu wanatoka na matone madogo sana yanayoelea hewani, na wewe uliye karibu naye kwenye chumba kisicho na dirisha wazi unayavuta. Hawaangalii kama wewe ni mlokole, mlevi, mwalimu au waziri.

Mnamkumbuka Mzee Nelson Mandela? Mwaka 1988 akiwa mfungwa kule Afrika Kusini alianza kukohoa. Alipopelekwa hospitali wakakuta maji mengi kifuani, na vipimo vikasema ni TB. Bahati yake iligundulika mapema, kabla haijatoboa pafu. Akatibiwa, akapona, mwaka 1990 akatoka gerezani, mwaka 1994 akawa Rais, na alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 95. Kwa hiyo kama kuna mtu anakwambia TB ni ugonjwa wa watu wa hovyo, mwulize yeye ni bora kuliko Mandela kwa kipimo gani.

Haya, turudi Keko. Nilimwambia shemeji maneno mawili tu. La kwanza, usipojua haina maana kwamba huna. La pili, humu ndani mnalala watu watano chumba kimoja, na mmoja ana miezi saba. Hilo la pili ndilo lililomsimamisha. Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa kituo cha afya cha serikali, yeye, dada na mie.

Nataka niwaeleze kilichofanyika, maana wengi wanaogopa kitu wasichokijua. Muuguzi alimwuliza maswali yasiyofika dakika tano: unakohoa tangu lini, unapata homa za jioni, unatoka jasho usiku, umepungua uzito, umewahi kutema damu, nyumbani kuna mwingine anayekohoa? Akamwandikia kipimo cha makohozi. Akapewa kikopo kidogo chenye mfuniko wa kukaza, kimeandikwa jina lake ubavuni, akaelekezwa atoke nje kwenye upepo, mbali na watu. Akasukutua mdomo kwa maji. Akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaiachia, mara ya pili, mara ya tatu, halafu akakohoa kutoka chini kabisa ya kifua.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Makohozi si mate. Mate yanatoka mdomoni, mepesi, yana povu, na maabara hayawasaidii sana. Makohozi yanatoka ndani ya kifua, mazito. Kama kituo kitataka na sampuli ya pili, wanapenda ile ya asubuhi unapoamka, kabla ya chai, kwa sababu usiku kucha uchafu umejikusanya. Hakuna kuchomwa wala kuchanwa. Mwanaume mzima alikuwa ameogopa kikopo miezi mitatu!

Zamani makohozi yalikuwa yanapakwa kwenye kioo, yanatiwa rangi, na mtaalamu anawatafuta wadudu kwa darubini. Kazi nzuri, na bado inafanyika, lakini darubini ina udhaifu wake: wadudu wasipokuwa wengi sana kwenye makohozi, haiwaoni. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikubali mashine inayoitwa GeneXpert, ambayo inatafuta vinasaba vya mdudu. Ikishawekewa sampuli inatoa jibu chini ya saa mbili, na palepale inasema kama mdudu huyo ni sugu kwa rifampicin, moja ya dawa kuu za TB. Si kila zahanati inayo, lakini zahanati inaweza kupeleka kikopo chako pale ilipo.

Na kama mlikuwa hamjui, sisi Tanzania tuna na wapimaji wa miguu minne. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa TB kwenye makohozi. Msicheke! Panya mmoja anapita sampuli 100 kwa muda wa kama dakika 20, kazi ambayo mtu na darubini yake angeifanya kwa siku kadhaa. Panya akisimama kwenye sampuli akakwaruza, maabara inaipima upya kuhakikisha. Wapo wagonjwa ambao darubini ilisema hawana kitu, panya akasema wanacho, na kweli walikuwa nacho. Kwa hiyo usimdharau kila panya.

Majibu ya shemeji yalitoka kesho yake. Alikuwa na TB ya mapafu, na si ile sugu. Majibu ya kile kipimo kingine ni yake na mkewe, si ya gazeti. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba jibu lolote lile lina dawa yake siku hizi, na mtu anaishi.

Unajua nini kilimwuma kuliko vyote? Hela. Dada alikaa akapiga hesabu ya dawa za maji, vidonge, sindano na mzizi mmoja aliouziwa pale Kariakoo, ikafika zaidi ya laki moja. Kipimo cha makohozi alichopimwa ni bure. Dawa za TB nazo kwenye vituo vya serikali ni bure, miezi yote sita. Laki nzima imekwenda kukwepa kitu cha bure!

Lakini kilichoniuma mie si hela. Ni mtoto. Mwenye TB ya mapafu akigundulika, wote anaoishi nao wanatakiwa wachunguzwe. Dada alikutwa salama, na mkubwa wa darasa la tatu salama. Yule wa miaka minne, ambaye tulikuwa tunasema ana aibu, hapendi kucheza, mwembamba kama babu yake, akakutwa nayo. Watoto wadogo mara nyingi hawakohoi sana kama wakubwa wala hawawezi kutema makohozi. Dalili yao ni kwamba hawaongezeki uzito, wanapoa, hawachezi, homa haziishi. Daktari aliangalia kadi ya kliniki, akaangalia na picha ya kifua, wakachukua na choo chake, maana makohozi anayomeza mtoto yanapita tumboni na mashine ile ile inaweza kumtafuta mdudu humo. Akaanzishwa dawa. Yule mchanga wa miezi saba hakuwa mgonjwa, akapewa dawa za kinga ili asije akaumwa.

Na msiniambie watoto wamechanjwa. Ile chanjo ya bega inayoacha kovu, BCG, ni muhimu sana, inawakinga watoto wachanga na zile TB kali za ubongo na za kusambaa mwilini. Lakini haiwekei ukuta TB ya mapafu, na kwa mtu mzima usiitegemee kabisa. Shemeji analo kovu lake la utotoni, tena kubwa.

Basi nakuorodheshea dalili, kata kipande hiki ubandike ukutani. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Homa, hasa za jioni. Jasho la usiku la kulowesha shuka. Kupungua uzito bila kufunga wala kufanya mazoezi. Hamu ya kula kupotea, uchovu, maumivu ya kifua. Makohozi yenye damu, hata kama ni michirizi tu. Usisubiri damu, wengi hawaioni kabisa. Huna haja ya kuwa nazo zote, hicho kikohozi cha wiki mbili peke yake kinatosha kukupeleka. Kama unaishi na virusi vya ukimwi, usihesabu hata hizo wiki mbili: ukikohoa, sema siku hiyo hiyo kliniki. Wenye kisukari, wavuta sigara, wanywaji wa kupindukia, wachimba madini waliovuta vumbi la mawe, na walioishi nyumba moja na mgonjwa, nyinyi mko mstari wa mbele, msizubae.

Ukipimwa ukaambiwa huna, shukuru Mungu, lakini usirudi nyumbani kuendelea kukohoa. Rudi, omba picha ya kifua, eleza kwamba hali haijabadilika. Inaweza kuwa TB iliyojificha, inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa mapafu yaliyochoka kwa moshi wa kuni au sigara, inaweza hata kuwa saratani. Kila moja ina njia yake, na hakuna hata moja inayopona kwa kubahatisha dukani.

Kinachonishangaza ni kwamba nchi hii haikuanza jana na TB. Programu ya taifa ya kifua kikuu na ukoma ilianza mwaka 1977, na daktari mmoja kutoka Czechoslovakia, Karel Styblo, akashirikiana na wataalamu wetu kuonyesha kwamba hata nchi maskini inaweza kuwatibu wagonjwa wake ikiwapima makohozi, ikiwasimamia kumeza dawa na kuandika kila jina kwenye daftari. WHO walipotangaza mwaka 1993 kuwa TB ni dharura ya dunia, mpango waliousambaza kwingine, ule wa DOTS, ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kazi iliyofanyika hapa kwetu. Dunia imejifunza Tanzania, halafu fundi wa Keko anamaliza miezi mitatu na chupa za dawa ya kifua. Na kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB kwa miaka ya 2021 hadi 2025, jina letu limo.

Tiba yenyewe ya kawaida ni miezi sita. Miwili ya kwanza dawa nne ndani ya kidonge kimoja, minne inayofuata dawa mbili. Siku za mwanzo shemeji alitoka chooni mbio, mkojo una rangi ya chungwa, akadhani figo zimekufa. Ni hiyo rifampicin, ndiyo rangi yake, wala haina neno. Baada ya wiki chache akaanza kula mpaka dada analalamika unga. Hapo ndipo pana mtego wa pili. Ukipata nafuu unaona umepona, unaacha. Ukiacha, wadudu waliobaki wanarudi, na safari hii wanaweza kuwa sugu, ambapo tiba ni ngumu zaidi. Shemeji alimchagua dada awe msimamizi wake. Kila asubuhi anameza mbele yake, anaweka alama kwenye kadi. Hakuna kubembelezana.

Nyumbani hakuna haja ya kumtengea sahani wala kikombe, TB haikai kwenye kijiko, na kupeana mkono hakuambukizi. Fungua madirisha, upepo na jua viingie. Mgonjwa afunike mdomo anapokohoa. Akimeza dawa vizuri, baada ya muda mfupi uwezo wake wa kuambukiza unashuka sana. Asiyetibiwa ndiye wa kuogopwa: WHO wanasema anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka mmoja, na katika wasiotibiwa karibu nusu hufa.

Wanawake wenzangu, angalieni mikanda na mashuka. Wanaume, acheni kutoboa mikanda kimyakimya. Nanyi vijana wa maduka ya dawa, mteja akija mara ya pili na kikohozi kilekile, msimuuzie chupa ya pili, mwonyesheni njia ya kituo cha afya. Mtapoteza elfu tano, mtaokoa chumba kizima cha watu.

Haya, nafasi yangu imekwisha, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na wewe unayesoma huku unakohoa, hebu nijibu: ulianza lini?